Mpishi Naye Akae Mezani: Mazungumzo Kuhusu Mlo wa Krismasi

 

Katika kazi yetu neno "mlaji" tunalitamka kila siku. Sheria inapomtaja mlaji humaanisha mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake. Aliyenunua sabuni ni mlaji, na aliyepanda basi ni mlaji. Leo tunapenda kulirudisha neno hilo nyumbani kwake, jikoni. Tutazungumza juu ya mlaji anayekula chakula na, zaidi ya hapo, juu ya yule ambaye siku ya Krismasi hulisha watu ishirini ilhali yeye mwenyewe hali.

Bila shaka mnamfahamu. Saa nane mchana wageni wameketi, watoto wamevaa nguo mpya, redio inaimba. Yeye yuko uani. Kanga imeloa jasho, macho ni mekundu kwa moshi, na tangu saa kumi alfajiri hajaketi hata mara moja. Sahani yake imefunikwa kando. Ataila jioni, peke yake, pilau ikiwa imepoa. Akiulizwa habari za sikukuu hujibu kwamba ilikuwa njema. Usiku miguu imevimba, na moyoni anaomba mwakani wageni wale waalikwe na mtu mwingine.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Baadhi yetu tumekulia katika nyumba za namna hiyo, na wengine wetu ndio waliokuwa wakisubiri kuletewa sahani. Tunachotaka kueleza ni kwamba uchovu huo, kwa sehemu kubwa, una sababu tatu. Kwanza, kazi za siku tatu hurundikwa katika asubuhi moja. Pili, manunuzi hufanywa kwa haraka na bila hesabu. Tatu, shughuli ya watu wengi huachiwa mikono miwili. Sababu zote hizo zina dawa, na hakuna hata dawa moja kati yake inayodai fedha za ziada.

Hesabu kabla ya sufuria

Jambo la kwanza ni kujua idadi ya watu. Ketini nyumbani wiki tatu kabla ya sikukuu, mwandike majina: wa nyumbani, wageni walioalikwa, na wale ambao hawaalikwi lakini hufika kila mwaka. Ongezeni sahani za majirani, maana kwetu Krismasi haiishii mlangoni mwa mwenye nyumba.

Idadi ikishajulikana, chakula hupimika. Kilo moja ya mchele mkavu hutosha watu wanane hadi kumi. Kwa watu ishirini, basi, kilo mbili na nusu zinatosha, pamoja na nyama kilo mbili kwa ajili ya pilau. Kuku mmoja akikatwa vipande vinane, kuku watatu hutoa vipande ishirini na vinne. Kila mtu atapata kipande na vinne vitabaki. Nyumba nyingi hupika mara mbili ya kiasi hicho kwa kuogopa aibu ya chakula kupungua. Matokeo yake ni sufuria zinazomwagwa tarehe 26, na fedha humwagwa pamoja nazo.

Baada ya idadi inafuata orodha ya vyakula. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akizungumzia mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, alilikumbusha taifa kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo yanalifaa jiko kama yanavyoifaa nchi. Mpishi mmoja mwenye majiko mawili hawezi kutoa, kwa wakati mmoja, pilau, wali mweupe, ndizi, chapati, sambusa, kuku wa kukaanga na mbuzi wa kuchoma, vyote vikiwa vya moto na vizuri. Chagueni chakula kikuu kimoja, kitoweo kimoja, kachumbari na matunda. Kama ukoo wenu hauoni Krismasi bila mtori au ndizi nyama, basi hicho kiwe ndicho kikuu, na pilau ipumzike mwaka huu. Mgeni atakumbuka chakula kimoja kilichopikwa vizuri kuliko sita vilivyopikwa kwa pupa.

Katika hesabu hiyo hiyo litajwe suala la fedha. Tunawasihi sana: msikope kwa ajili ya sufuria. Mikopo ya haraka ya simu hupatikana kwa kubonyeza mara chache, lakini kabla ya kubonyeza mara ya mwisho someni kiasi chote kitakachorudishwa, tarehe yake, na tozo itakayoongezwa mkichelewa. Krismasi hufuatwa na Januari, na Januari huja na sare za shule, madaftari, viatu na kodi ya nyumba. Familia iliyokula deni tarehe 25 hulilipa mwezi ambao haina nafasi ya kulipa. Afadhali kibubu kilichoanza Oktoba kwa shilingi chache kila wiki, hata kama kitanunua kuku wawili badala ya wanne.

Kununua kwa macho yaliyo wazi

Aghalabu bei za sokoni hupanda sikukuu inapokaribia, na msongamano hupanda pamoja nazo. Katika msongamano huo mnunuzi hana muda wa kulinganisha, kukagua wala kudai chenji yake. Kwa sababu hiyo tunashauri manunuzi yagawanywe mara tatu.

Wiki tatu kabla, nunueni vitu visivyoharibika: mchele, mafuta, sukari, unga, chumvi na viungo. Bizari nzima, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga ni bora zinunuliwe zikiwa nzima na kusagwa nyumbani, kwa kuwa kiungo kilichokwisha kusagwa ni rahisi kuchanganywa na kitu kingine bila mnunuzi kutambua. Kwa bidhaa za pakiti na chupa, tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi na nembo ya ubora ya TBS. Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine, ulizeni sababu kabla ya kufurahi. Mara nyingi sababu imeandikwa chini ya chupa, kwenye tarehe.

Wiki moja kabla, nunueni vitunguu maji, vitunguu saumu, tangawizi na viazi, mvihifadhi mahali pakavu penye hewa, nje ya mifuko ya plastiki. Wekeni oda ya kuku na nyama wakati huo, mkikubaliana bei na saa ya kuchukua. Wengi wetu tuna majirani na ndugu Waislamu watakaokula pamoja nasi, na ndiyo maana nyumba nyingi za Kikristo humwomba Mwislamu achinje. Mwombeni mapema. Si vizuri kumtafuta mtu alfajiri ya sikukuu, kuku wakiwa wamefungwa miguu uani.

Tarehe 23 na 24 zibaki kwa ajili ya nyanya, matango, pilipili hoho, ndimu, mboga na matunda.

Kuhusu vipimo, mizani isimame kwenye sifuri kabla bidhaa haijawekwa, na mnunuzi asimame mahali anapoiona. Anayeuza kwa sado na anayeuza kwa kilo hawawezi kulinganishwa kwa kutaja bei tu. Ombeni sado hiyo ipimwe kilo ngapi, ndipo mjue nani ana nafuu. Nyama inunuliwe kwenye bucha inayouza nyama iliyokaguliwa na kugongwa muhuri. Risiti idaiwe na itunzwe. Ukigundua nyumbani kwamba mafuta yamechacha au unga una wadudu, risiti ndiyo itakayokusindikiza kurudi dukani. Muuzaji akikataa kukusikiliza, zipo mamlaka: Wakala wa Vipimo kwa mambo ya mizani, TBS kwa ubora na usalama wa vyakula, na Tume ya Ushindani kwa malalamiko ya walaji kwa jumla.

Tusiisahau gesi. Mwaka mmoja, nyumbani kwa mmoja wetu, mtungi uliisha saa sita na nusu mchana, pilau ikiwa ndiyo kwanza inachemka. Maduka ya jirani yalikuwa yamefungwa. Mchele ulikaa ndani ya maji ya moto nusu, wageni wakiwa sebuleni, mpaka jirani alipoleta jiko la mkaa. Watu walikula uji wenye nyama, nao kwa adabu wakausifu. Tangu hapo tumejifunza kuupima mtungi wiki moja kabla. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mathalani, ikiwa mtungi mtupu una kilo 7 na umenunua gesi ya kilo 6, mizani lazima isome kilo 13. Mwombe muuzaji aupime mbele yako, na ukague kama lakiri ni nzima. Hesabu hiyo hiyo nyumbani itakuonyesha gesi iliyobaki.

Siku tatu badala ya asubuhi moja

Sasa tuingie jikoni. Siri ya mpishi mtulivu ni kuanza na saa ya kula, kisha kuhesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme mmeamua kula saa nane mchana.

Tarehe 23, chambueni mchele na kuufunika. Menyeni na kutwanga vitunguu saumu na tangawizi. Pimeni viungo vyote vya pilau, mviweke katika kikopo kimoja. Hesabuni sahani, vikombe, vijiko na viti. Vinavyopungua viazimwe siku hiyo, wakati mwenye navyo bado hajavipanga mezani kwake.

Tarehe 24, kateni vitunguu vya pilau na kuvikaanga mpaka viwe vya kahawia. Kazi hiyo peke yake hula karibu saa nzima na kutoa machozi mengi. Ikifanywa jioni hiyo, asubuhi ya sikukuu huwa nyepesi. Wenye jokofu wanaweza pia kuchemsha nyama ya pilau na kuihifadhi pamoja na supu yake, na kuwapaka kuku ndimu, chumvi na viungo. Nyama iliyochemshwa igawanywe katika vyombo vipana ili ipoe upesi, iingizwe ndani ya jokofu kabla ya saa mbili kupita. Wasio na jokofu wasipike nyama usiku ule. Desemba ni mwezi wa joto katika maeneo yetu mengi, na nyama iliyolala juu ya meza haifai kwa mgeni wala kwa mwenyeji. Nyama yao ichukuliwe buchani asubuhi, kwa oda iliyokwisha wekwa.

Tarehe 25, chai na maandazi saa kumi na mbili. Kama mnatumia kuku wa kienyeji, apikwe wa kwanza na katika sufuria yake, kwa sababu huchukua muda mrefu zaidi kulainika kuliko kuku wa kisasa. Mkiwachanganya, mmoja atavurugika kabla mwingine hajaiva. Jiko lisiachwe likiwaka wakati nyumba nzima imekwenda ibadani. Ama abaki mtu mzima, ama moto uzimwe.

Baada ya ibada, saa nne au saa tano, mchuzi wa kuku uunganishwe kwenye jiko la gesi. Saa sita pilau ianze kwenye jiko la mkaa: vitunguu vilivyokwisha kukaangwa, saumu na tangawizi, viungo, viazi, nyama, supu, kisha mchele uliorowekwa na kuchujwa. Maji yakikaribia kukauka, punguzeni makaa ya chini na kupalia mengine juu ya mfuniko. Kuanzia hapo pilau hujikamilisha yenyewe, na hubaki ya moto bila mtu kuisimamia.

Ndipo ifikapo saa saba, ratiba yetu ina kazi moja tunayowaomba muiandike kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote: MPISHI AENDE KUOGA. Aoge, abadili nguo, aketi kidogo. Saa saba na nusu vijana wakate kachumbari, chumvi na ndimu zikitiwa mwishoni ili isitoe maji mengi. Saa nane chakula kipakuliwe, na mpishi awe mmoja wa wanaopakuliwa.

Moto na mikono

Utulivu hauna maana ikiwa usiku familia nzima itakuwa inaumwa tumbo. Yapo machache ya kuzingatia, na yote ni rahisi.

Nawe mikono kwa sabuni kila mara baada ya kushika nyama mbichi. Kisu na ubao wa nyama mbichi visikate kachumbari, kwa kuwa kachumbari haipiti motoni na vijidudu vitakavyoingia humo vitaliwa vikiwa hai. Kuku aliyegandishwa ayeyushwe ndani ya jokofu tangu siku iliyotangulia. Akiyeyushwa juani, nje huanza kuharibika ndani kungali barafu. Nyama iive mpaka katikati, kwa joto la nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi. Asiye na kipimajoto achome sehemu nene ya paja kwa kisu: maji yakitoka meupe bila wekundu, na nyama ikiachana na mfupa, kuku ameiva.

Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Wali na pilau vinahitaji uangalifu wa pekee, maana upo mdudu ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, kisha huamka wali unapobaki na uvuguvugu kwa muda mrefu na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo pakueni cha kutosha, kingine kibaki motoni, na kitakachosalia kipozwe upesi na kuhifadhiwa kwenye jokofu, au kigawiwe kwa majirani siku hiyo hiyo kingali cha moto. Umeme ukikatika, mlango wa jokofu usifunguliwe ovyo. Baridi iliyomo hudumu zaidi mlango ukiwa umefungwa.

Jiko la mkaa lisiwashwe wala kuingizwa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha. Moshi wake wenye sumu hauna harufu ya kumwonya mtu, na umewahi kuua watu usingizini. Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu, fungua milango na madirisha, wala usiwashe kiberiti au kugusa swichi ya taa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hukaa chini, kwa hiyo ipe muda itoke. Mipini ya sufuria ielekezwe ndani, na watoto wapewe mahali pao pa kuchezea, mbali na moto.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Tumefikia jambo la mwisho, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko yote. Ratiba nzuri ikibandikwa ukutani na mtu mmoja akaachiwa aitekeleze yote, atachoka vile vile, tofauti ni kwamba atachoka kwa utaratibu.

Kwa hiyo orodha ya kazi iandikwe pamoja na majina. Baba anaweza kwenda sokoni, kubeba mtungi, kuwasha mkaa na kuchoma nyama. Kijana wa kiume anaweza kumenya viazi na kukata vitunguu. Havimpunguzii kitu, na siku atakapoishi peke yake mjini atatushukuru. Watoto wanaweza kuchambua mchele, kupanga vikombe na kuwanawisha wageni. Bibi akiketi kivulini na kuonja chumvi, amefanya kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya vizuri kama yeye.

Mgeni naye asinyimwe nafasi. Kwa desturi yetu mtu haendi mikono mitupu kwenye nyumba ya sherehe, lakini kwa kuwa haambiwi kinachohitajika, wageni watano huleta soda na hakuna anayeleta matunda. Mwambieni mapema: wifi alete chapati, shemeji alete matikiti, rafiki alete barafu. Anayeombwa kitu kidogo hujiona ni mtu wa nyumbani. Vyombo navyo viwe na zamu yake iliyotajwa kabla ya kula, kwani baada ya kula kila mtu hukumbuka kwamba ana safari.

Na kitu kikiharibika? Pilau ikishika chini, pakueni ya juu bila kukwangua, mtumie sahani nyingine. Mchuzi ukizidi chumvi, ongezeni maji na nyanya au viazi. Kitu kimoja kikikosekana kabisa, hakitajwi mbele ya wageni, nao hawatakijua. Hakuna aliyesafiri kutoka mbali ili kukagua sufuria. Watu husafiri ili waonane, na miongoni mwa wanaotamani kuwaona ni huyo aliyejifungia jikoni.

Ndugu zetu, tuliwaambia kwamba mlaji ni kila anayenunua kwa matumizi yake. Haki ya mlaji ni kupata thamani ya fedha yake. Mama aliyeweka akiba tangu Oktoba, akapanga foleni sokoni, akapika kwa mikono yake, naye ni mlaji. Thamani ya fedha yake ni ile sahani ya moto saa nane mchana, akiila huku ameketi, akiwa amezungukwa na watu wake. Mwaka huu mhakikishe anaipata.

Tunawatakia Krismasi njema, na tuko tayari kupokea maswali yenu.